Kutunza disketi si kutunza nasaba
Na Salma Mbarouk

Mwaka 1984 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao yake Salt Lake City nchini Marekani, lilitoa programu iitwayo Personal Ancestral File. Mtu wa kawaida mwenye kompyuta nyumbani aliweza kupanga ukoo wake kizazi kwa kizazi, na wengi waliifanya kazi hiyo kwa moyo: waliandikiana barua na jamaa, wakapekua rejesta za ubatizo na kuwahoji wazee wao. Mwaka 2013 kanisa liliacha kuitoa na kuihudumia programu hiyo. Waliokusanya majina hayo wengi wao sasa ni wazee au wameshatangulia mbele ya haki, na walichokiacha kimelala kabatini ndani ya disketi. Rai yangu ni kwamba kuitunza disketi hakutoshi. Kazi ya ukoo imeokoka pale tu inaposomeka bila kumtegemea aliyetengeneza programu.

Hatari ya uchakavu inajulikana. Disketi huhifadhi data kwa usumaku, usumaku hufifia, na hata Sony iliacha kuzitengeneza mwaka 2011. Za inchi 3.5 bado zinasomeka kwa kisomaji cha USB. Za inchi 5.25 zinahitaji mashine ya zamani au fundi mwenye kifaa maalumu. Linalowaponza watu zaidi ni jingine. Matoleo ya programu ile ya enzi za DOS hayakuweka nasaba katika faili moja. Watu walikuwa na faili lao, majina lao, ndoa lao, na maelezo lao. Mjukuu akiona faili lenye jina asilolielewa, akalidhania takataka na kuliacha, huenda ameyaacha majina yote ya ukoo. Kwa hiyo nakili kila kilichomo, pamoja na usichokielewa, kisha nakala hiyo usiiguse. Fanyia kazi nakala nyingine.

Baada ya hapo ndipo data ihamishiwe kwenye GEDCOM, mfumo uliobuniwa na kanisa hilo hilo ili programu zipokezane nasaba. Uzuri wake ni kwamba ni maandishi matupu, yanayofunguka kwa programu yoyote ya kuandikia. Mstari unaoanza na 0 hufungua kumbukumbu mpya, mathalani ya mtu. Hufuata 1 NAME na jina lake, la ukoo likiwa kati ya mikwaju miwili. Kisha 1 BIRT, na chini yake 2 DATE na 2 PLAC, yaani alizaliwa lini na wapi. Programu zote za nasaba zikitoweka kesho, mwenye subira bado ataweza kuisoma.

Wapo wanaopinga wakisema GEDCOM hupoteza mambo, na hoja yao ina uzito. Kampuni ziliongeza alama zao wenyewe, ambazo programu nyingine huziruka, na mara nyingi picha huachwa nyuma. Kwetu sisi hasara inaweza kuwa kubwa zaidi. Mikwaju ile miwili imeshonwa kwa kipimo cha watu wenye jina moja la ukoo, wala si kwa Ali bin Said bin Hamad wa Pemba au Muscat, ambaye jina lake lenyewe ni nasaba. Undugu wa kunyonya, ambao kwa Waislamu huzuia ndoa kama undugu wa damu, hauna mahali pake maalumu. Anayeuandika huutupa kwenye maelezo, na maelezo hayo yakipotea njiani, umepotea pia. Ndiyo maana ile nakala ya asili haifutwi, na ndiyo maana kazi hii ifanywe sasa, wakati aliyeandika angali hai wa kukaa naye na kulinganisha mstari kwa mstari.

Wengine hujibu kwamba nasaba yao iko salama mikononi mwa kampuni kubwa. Desemba 2015 kampuni ya Ancestry ilitangaza kuacha kuuza Family Tree Maker, programu iliyopendwa sana. Wateja wakalalamika, na mwaka 2016 programu hiyo ikachukuliwa na Software MacKiev. Safari hiyo mambo yaliishia vizuri, lakini uamuzi haukuwa wa waliokusanya majina. Na wanaosema karatasi inatosha nawaunga mkono nusu: chapisheni, tena pamoja na maelezo yote. Ila daftari moja hukaa nyumba moja, na koo zetu zimetawanyika Unguja, Mombasa, Muscat na London.

Kama kwenu yuko mzee aliyewahi kuandika ukoo kwenye kompyuta, muulize wiki hii alitumia programu gani, mwaka gani, na disketi ziko wapi. Jina la programu peke yake litampunguzia fundi kazi kubwa. Majibu yake yaandike kwenye karatasi, uibandike juu ya boksi lenyewe.