Si Kila Kipuri Kiingiacho ni Chake

Wako watu mjini Nyeri, na wako wengine Karatina, Nanyuki na Embu, wasemao kuwa gari la kale hufufuliwa kwa fedha. Nakanusha. Hufufuliwa kwa maarifa kwanza. Fedha hufuata nyuma kama tela. Tajiri asiye na maarifa hununua kipuri kimoja mara tatu, na mara ya nne hukikosa.

Ewe kijana usomaye, itazame Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu. Chesisi yake ni ya chuma, nayo huliwa na kutu kwa siri. Mchuuzi atakuonyesha krenkishafti na kuapa kuwa ni ya injini ya lita 2.25, ile ile uitakayo. Si ile ile. Injini hiyo ilikuwa na beringi kuu tatu mpaka mwaka 1980, ndipo zikawa tano. Ya tano haikai mahali pa tatu, hata ukiigonga kwa nyundo mchana kutwa. Basi nambari ya injini na isomwe kabla mfuko haujafunguliwa. Na ya chesisi isomwe mbali, kwa maana gari lililotumika shambani miaka hamsini limekwisha badilishwa viungo mara nyingi. Utakuta bodi ya mwaka 1962, injini ya mwaka 1975, na breki ambazo Mungu ndiye ajuaye zilikotoka.

Hapo penye breki ndipo hasira yangu izidipo. Silinda ya kipimo kingine huweza kuingia, ikafungwa, na katika tambarare ikasimamisha gari. Katika miteremko ya Othaya gurudumu moja hushika kabla ya jingine, na gari huvutwa upande wa korongo. Aliyesema “imeingia” wakati huo yuko kwake anakunywa chai.

Nati nazo zina kabila zao. Za Land Rover ya kale hupimwa kwa inchi. Za Peugeot 404, bingwa wa mbio za Safari mwaka 1963 na tena 1966 hadi 1968, hupimwa kwa milimita. Nati ngeni hushika hesi mbili tatu, kisha huila iliyobaki.

Wengine hunijibu kuwa injini ya Kijapani ni nafuu. Ni kweli, na atakaye kubeba kabichi na aitie. Lakini asiseme amelifufua gari la kale. Amelivisha maiti shati.

Baya zaidi ni kuuza gari zima kwa kilo kama vyuma chakavu, kisha kwenda Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wazee huiita Grogan, kutafuta vile vile vilivyoyeyushwa. Bushi iliyokwisha yaweza kukerezwa papa hapa. Mafundi wa jua kali wenye mashine za kukereza wapo, na Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopewa hati mwaka 2012. Kinachokosekana ni kielelezo, kwa sababu fundi alikitupa kipuri kibovu siku ile ile alipokifungua. Kidai. Kifute grisi, kipime kwa kalipa, kichore daftarini pamoja na nambari iliyopigwa juu yake, ndipo uende nacho dukani mkononi.