Nisikize Kwanza, Ndio Ufunge Tovuti Yangu

Hebu fikiria unaamka asubuhi, unafungua blogu yako, halafu unakuta tangazo la serikali kwamba domeni imetwaliwa. Hujapata barua wala simu. Matangazo yamekatika, wasomaji wanahama. Utaanzia wapi?

Hiyo si hadithi. Novemba 2010, serikali ya Marekani ilitwaa domeni ya Dajaz1, blogu ya hip-hop, kwa madai ya kusambaza nyimbo za wizi. Mwenyewe alisema nyimbo alitumiwa na watu wa muziki ili azipigie debe, lakini hakupata nafasi ya kujitetea kortini. Hakimu alisikiza upande mmoja tu. Muda ukaongezwa kisiri huku serikali ikingoja ushahidi. Desemba 2011 akarudishiwa domeni yake bila mashtaka yoyote. Zaidi ya mwaka mzima umeenda hivyo tu.

Sasa turudi nyumbani. Oktoba 2025, Rais Ruto alitia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mtandao. Yanaipa kamati ya serikali uwezo wa kuagiza tovuti isifunguke, ikithibitishwa inaendeleza uhalifu, ugaidi, picha chafu za watoto au itikadi kali za dini. Ikithibitishwa mbele ya nani? Hapo ndipo shida iko.

Utasema natetea matapeli. Wapi! Tovuti ya picha chafu za watoto ifungwe hata usiku wa manane. Lakini tapeli akifungiwa leo, kesho ananunua domeni nyingine. Anayeumia ni wewe uliyejenga jina moja kwa miaka. Kanjo wakibomoa kibanda bila notisi tunapiga kelele, na domeni yako pia ni kibanda.

Mimi sikumaliza chuo, lakini Kifungu cha 47 cha Katiba nimekisoma. Hatua ya serikali ikiathiri haki yako, unafaa kupewa sababu kwa maandishi. Basi tudai notisi kwanza, sababu kwa maandishi, na jaji asikize pande zote. Kukiwa na dharura, wafunge, lakini mwenye tovuti asikizwe ndani ya siku saba, la sivyo ifunguliwe.

Mbunge wako akija kuomba kura 2027, muulize hilo kabla hujachukua fulana yake.