Kuvu, Damu na Daftari la Kifua Kikuu

Masika yanapokwisha Tanga, na madoa meusi yakapanda katika kuta za nyumba za Makorora kutoka sakafuni hadi kimo cha mtoto, si ajabu kwa mtu mwenye kikohozi cha miezi mingi kuutazama ukuta wake na kuudhania mabaya. Wala dhana hiyo haifai kupuuzwa, kwani Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuandika mwaka 2009, katika mwongozo wake mintarafu ya unyevu na kuvu majumbani, kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu huzidi kupatwa na pumu na maradhi ya njia ya pumzi. Lililo na mjadala ni jambo la pili: mgonjwa huyo akiambiwa kwamba kipo kipimo cha damu kiwezacho kumjulisha kama mwili wake umetengeneza kingamwili dhidi ya kuvu, je, atoe fedha yake? Na Serikali, ambayo hazina yake ni ya wagonjwa wote, ikinunue kwa ajili ya nani?

Kingamwili ni shahidi mwaminifu kwa jambo moja tu, kwamba mwili ulipata kukutana na mgeni huyu. Kama mgeni aliiba, shahidi hakuona. Na kwa kuwa chembe za kuvu ya Aspergillus zimo katika hewa tuivutayo sote, katika majani yaozayo, katika nafaka, katika vumbi la ghala, watu wengi wazima wenye siha njema wanaweza kuonyesha kiasi fulani cha ushahidi huo. Ndiyo maana mwaka 2006 jumuiya ya matabibu wa mzio ya Marekani, katika waraka wake juu ya kuvu na afya, ilikataa kuzifanya kingamwili za IgG kuwa kipimo cha kiasi cha kuvu ambacho mtu amevuta au cha wakati alipokivuta. Hata hivyo vipimo vya jumla vya kuvu, vya aina chungu nzima kwa damu ya mara moja, huendelea kuuzwa ulimwenguni kwa watu waliochoka, waumwao vichwa na viungo, ambao wamezunguka kwa matabibu bila ya kupata jawabu. Na karatasi inaporudi na neno "chanya" mgonjwa hufurahi, maskini, kwa kuwa adui wake amepata jina, ijapokuwa hakuna aliyethibitisha kwamba adui ni huyo. Mtu wa namna hiyo, ikiwa hakupata kuugua kifua kikuu na hana pumu, nadhani fedha yake ingemfaa zaidi kwa fundi wa paa na wa mfereji wa maji. Uingereza, baada ya mtoto wa miaka miwili kufariki mjini Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya kuvu ya nyumba ya kupanga, sheria iliyofuata iliwabana wenye nyumba wazitengeneze. Haikuwaamuru wapangaji wakatolewe damu.

Tanga tunao mfano wa karibu zaidi, nao ni vumbi la mkonge. Watafiti wa Kitanzania na wa Norway walitangaza mwaka 2008 kwamba kingamwili za aina ya IgE dhidi ya mkonge zimeenea sana katika damu ya wafanyakazi wa viwanda vya zao hilo nchini. Kwa mwenye kutunga kanuni za viwanda habari hiyo ni nzito, kwani inamwonyesha kwamba vumbi linaingia miilini. Lakini kwa mfanyakazi mmoja mmoja haijawa hukumu ya ugonjwa, na bado anahitaji tabibu wa kumsikiliza kifua na kumpima pumzi.

Upo, walakini, upande ambako kipimo hiki ninachokishuku hugeuka kuwa johari. Kifua kikuu kinapopona huweza kuacha tundu katika pafu, na kuvu ambayo pafu zima huitoa bila ya taabu hupata humo makazi. Baada ya miezi au miaka, mtu aliyehesabiwa kuwa mzima huanza tena kukohoa, kukonda, na mara nyingine kutema damu. Makohozi yake hayaonyeshi vijidudu, picha ya kifua imejaa makovu, na tabibu asiyekuwa na kitu kingine mkononi humwanzishia dawa za kifua kikuu mara ya pili, ilhali anayemla ni mwingine. Waingereza walikwisha kuyaona hayo katika miaka ya 1960, walipowachunguza watu 544 waliobaki na matundu ya mapafu wakakuta robo yao wana kingamwili za Aspergillus. Kwetu Afrika Mashariki ilitubidi kungoja hadi watafiti Iain Page, David Denning na wenzao walipokwenda Gulu, kaskazini ya Uganda, wakawapima watu 398 waliokwisha kutibiwa kifua kikuu na kuwarudia 285 kati yao baada ya miaka miwili. Katika hao waliorudiwa, 14 walikuwa na maradhi ya kuvu ya mapafu, yaani asilimia 4.9, lakini miongoni mwa wale ambao picha zao zilionyesha tundu, kadiri ilipanda hadi asilimia 26, na miongoni mwa wasio na tundu haikufika hata asilimia 1. Tena watafiti hawakumhesabu mtu kuwa mgonjwa kwa damu peke yake: ilipasa awe na kingamwili nyingi, na dalili katika picha, na kikohozi cha siku nyingi au damu, na asiwe na kifua kikuu hai.

Hapa ndipo ninapoona upungufu wa jambo ambalo tunastahili kujivunia. Mpango wa taifa wa kifua kikuu, ambao tabibu Karel Styblo alisaidia kuuanzisha Tanzania mwaka 1977, ulisimama juu ya daftari: kila mgonjwa aandikwe, afuatwe, na dawa zikiisha atiwe katika fungu lake, amepona, ameacha dawa, au amefariki, na taratibu hizo Shirika la Afya Duniani lilizichukua katika miaka ya 1990 likazieneza duniani. Daftari lile lilibuniwa kukomesha maambukizo, na kwa kazi hiyo ni kamili, ila safu ya "amepona" hufunga habari za mtu pale pale ambapo kuvu huanza habari zake.

Itasemwa kwamba kipimo ni gharama, na kwamba itrakonazoli, dawa ambayo mgonjwa huyu huimeza kwa miezi sita au zaidi, si rahisi kwa kila mfuko. Ni kweli, ijapokuwa dawa hiyo iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na sasa kipo kipimo cha ukanda kitoacho jibu katika muda wa nusu saa bila ya mitambo mikubwa. Itasemwa pia kwamba mwenye kinga dhaifu kwa sababu ya VVU huenda asitengeneze kingamwili za kutosha, kisha akaambiwa hana ugonjwa alio nao. Na hilo pia ni kweli, nalo ndilo linalotulazimu kuisoma damu pamoja na picha. Lakini asitokee wa kusema kwamba ikishindikana kupambanua, mgonjwa apewe dawa za maradhi yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa rifampisini ya kifua kikuu huipunguza mno itrakonazoli katika damu, na mwenye kuzimeza zote mbili huenda akawa ametibiwa nusu.

Basi kipimo kianzie katika kliniki za kifua kikuu, hospitali ya Bombo hapa Tanga na penginepo, kwa watu ambao picha zao za mwisho wa dawa zilionyesha tundu. Majina yao yamo katika daftari tayari; kinachohitajika ni safu moja zaidi ya kuandikia kama tundu lilibaki, na tarehe ya kuwaita tena.