Kampala yajiuliza: Nani anastahili sanamu ya shaba?

Mapema mwaka 2025, Mahakama Kuu ya Uganda iliiagiza Mamlaka ya Jiji la Kampala iyaondoe majina ya watawala wa kikoloni katika barabara na bustani za jiji hilo. Madai hayo yalipata nguvu mwaka 2020, wananchi zaidi ya 5,000 walipotia saini waraka uliofikishwa bungeni. Kuliondoa jina ni jambo jepesi. Lililo gumu ni kukubaliana ni nani apewe heshima hiyo, hasa ikiwa itakuwa sanamu ya shaba.

Sanamu ya aina hiyo haifanywi kwa pupa. Mchongaji hufinyanga kwanza mfano wa udongo, ndipo hutengenezwa kalibu na umbo la nta. Hatimaye shaba iliyochanganywa na bati huyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 na kumiminwa. Ikishapoa na kuganda, si rahisi kubadili kitu.

Nchi jirani ya Kenya ilimweka Jomo Kenyatta katika shaba mwaka 1973, akiwa bado madarakani, mbele ya ukumbi wa mikutano wa KICC jijini Nairobi. Kampala ilifuata njia nyingine. Mnara wa Uhuru wa mwaka 1962, kazi ya Gregory Maloba wa Makerere, ulijengwa kwa saruji, nao unamwonyesha mama asiye na jina akimwinua mtoto.

Huenda kutokuwa na jina ndiko kulikouokoa. Mwaka 1966 Waziri Mkuu Milton Obote alimwondoa madarakani Rais Mutesa wa Pili, aliyekuwa pia Kabaka wa Buganda, na jeshi likaishambulia Lubiri. Tangu hapo, shujaa wa Mengo si lazima awe shujaa wa Lango.

Benedicto Kiwanuka ni mfano wa tofauti. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza, kisha Jaji Mkuu. Septemba 1972, askari wa Idi Amin walimkamata akiwa mahakamani, na hakurudi tena. Barabara moja ya Kampala inaitwa kwa jina lake, lakini kibao cha barabara hakielezi yaliyompata. Sanamu huwa na nafasi ya maandishi chini yake, na kwa kiongozi yeyote atakayechaguliwa, mzozo mkubwa utakuwa juu ya maneno hayo.