Atakaye Udaktari Aanze Lini?

Katika shule za Temeke na Kinondoni, jijini Dar es Salaam, mwalimu akiwauliza wanafunzi ni kazi gani waitakayo watakapokuwa watu wazima, hakosi mmoja au wawili wa kujibu, "Udaktari." Ni jibu jema. Walakini swali la pili ndilo gumu: atakaye kuwa daktari aanze lini kuzoea kazi ya kuwahudumia wagonjwa?

Wengine husema angoje mpaka aingie chuo kikuu, maana kazi ya mtoto ni kusoma tu. Lakini safari hiyo ni ndefu. Mwanafunzi husoma sekondari miaka 4, kisha miaka 2 ya kidato cha tano na cha sita, kisha miaka 5 ya chuo, na baada yake mwaka 1 wa mazoezi ya kazi hospitalini. Jumla ni miaka 12. Mtu aweza kupita nusu ya njia hiyo bila kumshika mgonjwa mkono hata mara moja, ndipo agundue kwamba hawezi kuvumilia harufu ya kidonda wala kilio cha mwenye maumivu. Hasara hiyo ni kubwa kwake na kwa wazazi wake waliolipa ada.

Wengine husema kinyume: mtoto apelekwe hospitali mara moja, akatazame na kujaribu. Hao nao wamepita kiasi. Mgonjwa si ubao wa kujifunzia. Ana heshima yake, ana siri zake, na mwili wake ni dhaifu. Tena mkono wa mwanafunzi waweza kuua. Zamani huko Vienna, katika nchi ya Austria, palikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja walifundishiwa wanafunzi wa udaktari, na ya pili wakunga. Kina mama wa wodi ya wanafunzi walikufa kwa homa ya uzazi kupita wenzao. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwashika wazazi. Akawaamuru wanawe kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini, na vifo vikapungua sana. Wanafunzi wale hawakukusudia mabaya. Kosa lao lilikuwa kumgusa mgonjwa kabla hawajajifunza kunawa.

Basi lililo sawa ni hili: mtoto aanze leo, lakini aanzie nyumbani na mtaani, si wodini. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kuna kazi za afya zilizo saizi ya mtoto, wala si kazi za mchezo.

Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaanzia Kinondoni, kisha kikaenea mikoa mingi. Ugonjwa huo huletwa na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, nao waweza kumuua mtu kwa saa chache, kwa kuwa mwili huishiwa na maji. Mtoto anayeichunga ndoo ya maji ya kunywa ifunikwe, na kuhakikisha kwamba wadogo zake wananawa kwa sabuni watokapo chooni, amekwisha kuanza kazi ya udaktari. Aonapo mtu anaharisha sana, awaite wakubwa upesi ili mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Hali kadhalika mbu. Mbu wa homa ya dengi, iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014, huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya makopo, vifuu na matairi. Tangu yai hata mbu anayeruka ni yapata siku 7 hadi 10. Kwa hiyo mtoto anayepita uani kila Jumamosi na kuvimwaga vyombo hivyo huwakatiza mbu kabla hawajapata mabawa. Lakini akiruka majuma mawili, kazi yake imepotea. Hapo hujifunza jambo ambalo daktari hana budi kuwa nalo, yaani kurudi kazini hata pasipo wa kumsifu.

Kisha ajifunze huduma ya kwanza, kwa Maskauti au kwa Msalaba Mwekundu. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha yalilipuka Mbagala, katika Temeke. Watu wengi walijeruhiwa, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Siku kama hiyo madaktari hawatoshi. Afaaye ni jirani ajuaye kulikandamiza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, na kulitia maji ya baridi pale palipoungua, bila kupaka majivu wala dawa ya meno.

Zahanati na hospitali zina wakati wake. Kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, akingoja matokeo, aweza kumwomba mganga mfawidhi ruhusa ya kufagia, kupanga mafaili na kuwaongoza wazee wasiojua chumba cha kupimia damu. Asishike sindano, asigawe dawa, wala asitoe nje habari za mgonjwa. Akitimiza miaka 18, na akiwa na afya njema, aweza kujitolea damu.

Wala masomo yasiachwe. Pakiti moja ya ORS, dawa ya kumrudishia maji anayeharisha, huchanganywa na lita 1 ya maji safi. Akitia nusu lita, chumvi inazidi na kumdhuru mtoto mgonjwa. Anayedharau hesabu leo atakosea kipimo cha dawa kesho.

Yamkini mtu atauliza, "Faida ni nini, ikiwa chuo hutazama matokeo ya mtihani tu?" Ni kweli, kufagia zahanati hakumpi mtu nafasi chuoni. Lakini anayefanya wema ili aandikiwe alama hutafuta alama, si wagonjwa. Si wote watakao udaktari watakaoupata. Hata hivyo ndoo iliyofunikwa imekwisha kuwakinga wadogo zake, na jeraha lililokandamizwa limekwisha kuokoa jirani. Faida hiyo haingoji cheti. Naye atakayefika chuoni atafika akijua anakwenda kumtumikia nani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko huanzia nyumbani.