SURA ZA KLINGON MNAKESHA NAZO, INJINI YA UYOGA MNAIACHA IPITE?

Toka Star Trek: Discovery itoke Septemba 2017 mpaka leo, kuna mashabiki bado wanatoana macho kwa sababu ya mapaji ya uso. Mapaji ya uso, jamani! Tamthilia ile ilikuja kuelezea mambo ya miaka kama kumi kabla ya safari za Kapteni Kirk, zile zilizoanza kurushwa Marekani mwaka 1966. Watu wakakaa mkao wa kula, wanasubiri kuwaona Klingon wao. Wakatokea viumbe wenye vipara, vichwa virefu kwa nyuma, mavazi mazito kama geti la chuma. Hapo hapo vita ikaanza, kwamba hawa siyo Klingon, hadithi imeharibiwa.

Ukweli ni kwamba Klingon hawajawahi kuwa na sura moja. Mwaka 1967 walikuwa watu wa kawaida tu waliopakwa rangi na kubandikwa ndevu, maana bajeti ilikuwa ya kujibana. Mwaka 1979 ikaja filamu ya sinema, hela ikapatikana, wakaota matuta usoni. Hakuna shabiki aliyepewa sababu. Mwaka 1996 Deep Space Nine ikaligeuza utani: Worf, na matuta yake, anajikuta mbele ya Klingon wa zamani wasio na matuta, wenzake wanamuuliza imekuwaje, anajibu kwamba hilo ni jambo ambalo wao hawaliongelei na watu wa nje. Watu wakacheka, yakaisha. Ilitosha kabisa! Lakini mwaka 2005 Enterprise ikatumia sehemu mbili nzima kueleza kwamba kuna kirusi kilichotokana na kuchezea vinasaba, ndicho kiliwaondoa matuta. Sehemu mbili za kuelezea mekapu. Na bado 2017 kelele zikaanza upya.

Mfano mzuri zaidi ni Uhura, ambaye jina lake limetoka kwenye Kiswahili, kwenye neno uhuru. Uhura wa 1966 ana sura yake, wa filamu ya 2009 ana yake, na huyu wa Strange New Worlds iliyoanza 2022 naye ana yake. Waigizaji watatu, na shabiki yeyote akimuona anajua huyu ni Uhura. Kwa nini? Kwa sababu mambo yake ni yale yale. Anakaa kwenye mawasiliano, lugha ndiyo fani yake, Kiswahili ndicho cha kwao, na siku hizi imetajwa wazi kwamba ni mtoto wa Kenya. Sasa fikiria waandishi wangemleta mwenye sura ile ile ya 1966, nywele zile zile, gauni jekundu lile lile, halafu Kiswahili hakijui. Hapo ndipo pangekuwa na kesi ya kujibu.

Basi twende kwenye kesi yenyewe. Chombo cha Discovery kina injini inayotumia mbegu za uyoga. Inabonyezwa, chombo kinapotea hapa na kuibuka upande mwingine wa anga, muda ule ule. Zaidi ya miaka 100 baadaye kwenye hadithi hiyo hiyo kuna chombo cha Voyager, kimetupwa umbali wa miaka 70,000 ya mwanga kutoka nyumbani. Kapteni wake anaambiwa safari ya kurudi itachukua miaka 75. Anahangaika misimu saba, anazika watu wake njiani, anajaribu kila teknolojia ya kuokota. Hakuna hata mtu mmoja mle ndani anayesema, hivi ile injini ya uyoga iliishia wapi?

Hilo ndilo pengo, na lina ukubwa wa kupitisha lori.

Waandishi walivyoliziba ndiyo kichekesho. Mwisho wa msimu wa pili, 2019, Discovery inarushwa zaidi ya miaka 900 mbele, na waliobaki nyuma wanaapishwa wasiitaje tena, atakayetaja ni msaliti. Yaani siri! Jeshi zima limepigana vita likiwa na chombo kile, na maadui wenyewe wamekiona kikipotea mbele ya macho yao. Hao Klingon nao waliapishwa? Watetezi husema injini ilimhitaji mtu mwenye vinasaba maalum. Sawa, lakini mahabara zinafungwa namna hiyo na hakuna mwanasayansi anayejaribu tena kwa karne nzima?

Angalia sasa malalamiko yanapokwenda. Yanakwenda kwa Michael Burnham, dada wa kulelewa wa Spock. Eti Spock hakuwahi kumtaja. Spock huyu huyu ambaye mwaka 1967 Kirk alikuja kujua wazazi wake ni akina nani pale walipopanda chomboni! Spock ambaye mwaka 1989 aliibuliwa kaka ambaye hakuna aliyemjua! Mtu anayeficha mama yake mzazi atashindwa kuficha dada? Hiyo haivunji hadithi, inaikaza. Na wapo wengine ambao shida yao haikuwa hadithi tangu mwanzo, shida ilikuwa mwanamke mweusi kuwa mhusika mkuu, wakajifunika shuka la uhalisia.

Wakati huo huo, msimu huo huo wa pili una kipande bora kuliko vyote. Shabiki wa zamani anajua toka 1966 kwamba Kapteni Pike ataishia kwenye kiti, ameungua, hawezi kusema zaidi ya ndiyo na hapana kwa taa. Discovery ikamfanya Pike aione hatma hiyo kabla, na akapewa nafasi ya kuikwepa. Akaikubali, ili kuokoa wengine. Mekapu yote ni mpya, chombo chake kimepambwa upya kuanzia taa mpaka milango, lakini mtu aliyeijua ile ya 1966 alikaa kwenye kochi koo limemkaba. Waandishi wale wale, msimu ule ule. Kwa hiyo kuweza wanaweza, wakiamua.

Msimu huo pia Klingon walirudishiwa nywele zao. Mashabiki wakashangilia kwamba wameshinda. Voyager bado ina miaka yake 75.