Bingwa Huogopa, au Huzuiwa?

Hakuna neno linalowagombanisha wapenzi wa mchezo wa ngumi kuliko hili: je, bingwa fulani alimkimbia mpinzani wake mkubwa? Wakikutana watu wawili wanaoujua mchezo huo, mmoja atasema kwamba bingwa wake alimpiga kila mtu, na wa pili atamjibu, "Kila mtu, isipokuwa yule mmoja." Hapo ndipo ubishi huanza, nao hauishi upesi, kwa sababu pigano ambalo halikupiganwa halina mshindi wala mshinde. Kila mtu hulipigana kichwani mwake, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Ubishi huo si wa bure. Mkimbiaji hupimwa kwa saa, na saa haina hofu wala rafiki. Katika ngumi mambo si hivyo. Ubingwa hupatikana kwa kumshinda mwenye ubingwa, na mwenye ubingwa ndiye atiaye sahihi katika mapatano. Mlango ni mmoja, na ufunguo umo mfukoni mwa yule yule anayebishiwa hodi.

Basi anayetaka kuhukumu kwa haki yampasa kuuliza maswali matatu. Kwanza, ni nani aliyekataa: ni bingwa mwenyewe, meneja wake, wenye fedha, au serikali? Pili, sababu iliyotolewa, ilikuwa ya kweli? Tatu, ilipita miaka mingapi, na ni nani aliyefaidika kwa kupita kwake? Maswali hayo yakitumiwa katika habari za mabingwa wa uzito wa juu, majibu hayawi sawa kwa wote.

Wa kwanza ni John L. Sullivan wa Marekani, aliyeushika ubingwa tangu mwaka 1882. Zamani hizo palikuwa na mtu mweusi jina lake Peter Jackson, mzaliwa wa kisiwa cha St. Croix katika bahari ya Karibi, aliyekuwa bingwa wa Australia mwaka 1886. Jackson alikwenda Marekani kutafuta ubingwa wa dunia. Sullivan alikataa, wala hakuficha sababu; alipotangaza mwaka 1892 kwamba yu tayari kupigana, aliwaondoa watu weusi katika tangazo lake. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1891, Jackson alikwisha kupigana na James J. Corbett mjini San Francisco kwa raundi 61, mpaka wote wawili wakachoka na pigano likavunjwa bila mshindi. Corbett huyo ndiye aliyemwangusha Sullivan katika raundi ya 21 mjini New Orleans, mwezi wa Septemba 1892. Jackson hakupata nafasi hata kwa Corbett alipokuwa bingwa. Alikufa huko Queensland mwaka 1901 kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Katika habari ya Sullivan hapana la kubishana: aliyekataa ni bingwa mwenyewe, na sababu yake ilikuwa rangi ya ngozi.

Neno gumu zaidi ni lile la Jack Johnson, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameonja uchungu wa kunyimwa nafasi. Alimfuata bingwa Tommy Burns mpaka Uingereza, kisha mpaka Australia. Burns alidai alipwe dola 30,000, fedha nyingi sana kwa siku zile, na alipozipata akakubali; Johnson alipata dola 5,000 tu. Walipigana mjini Sydney tarehe 26 Desemba 1908, na polisi wakalisimamisha pigano katika raundi ya 14 kwa jinsi Burns alivyokuwa akiumizwa. Hivyo Johnson akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Watu wengi walitumaini kwamba sasa mlango utafunguliwa kwa weusi wenzake. Walikuwapo watatu wenye sifa kubwa: Joe Jeannette, Sam McVea, na zaidi ya wote Sam Langford, mzaliwa wa Nova Scotia katika nchi ya Kanada. Johnson alikuwa amekwisha kupigana nao wote kabla hajawa bingwa. Alimshinda Langford kwa pointi katika raundi 15 mwaka 1906, naye alimzidi Langford kwa zaidi ya ratili 20. Baada ya kuupata ubingwa hakumpa nafasi hata mmoja katika watatu hao. Mtu mweusi pekee aliyemkubali ni Jim Johnson, ambaye hakuwa na sifa kama zao, nao walitoka sare mjini Paris mwezi wa Desemba 1913.

Wanaomtetea Johnson hawakosi hoja. Husema kwamba alikwisha kumpiga Langford, na aliyepigwa hana haki ya kudai. Husema pia kwamba wenye fedha hawakutaka kulipa sana ili kuwaona weusi wawili wakipigana, bali walitaka kumwona Mzungu akimwangusha Johnson. Tena sheria ilikuwa ikimwandama: mwaka 1913 alihukumiwa Marekani kwa kesi ambayo watu wengi waliiona kuwa ya chuki ya rangi, akatoroka nchi, rais wa Marekani hakumpa msamaha mpaka mwaka 2018, naye alikuwa amekufa zamani.

Hoja hizo zina uzito, lakini hazitoshi. Langford wa mwaka 1906 alikuwa mwepesi na bado anakua. Yule wa mwaka 1910 alikuwa mtu mwingine. Na kama fedha zilikuwa kidogo, alizikubali vipi huko Paris kwa ajili ya mtu hafifu zaidi? Hukumu ya haki ni kwamba Johnson alizuiwa na mambo mengi, lakini katika jambo la Langford alikuwa na nafasi ya kuchagua, naye akachagua lililokuwa rahisi. Mwenye nguvu mpishe, wasemavyo watu. Johnson naye alimpisha Langford, lakini hakumwachia njia.

Wajibu wa bingwa huonekana wazi zaidi akitazamwa yule aliyengoja. Langford aliendelea kupigana miaka mingi, hata macho yake yakaharibika, na bado akapanda ulingoni. Mwaka 1944 mwandishi wa gazeti moja la New York alimkuta katika mtaa wa Harlem, kipofu na fukara. Habari yake ilipochapishwa, watu walichanga fedha za kumsaidia. Alikufa mwaka 1956, bila kupigania ubingwa wa dunia wa uzito wa juu hata mara moja. Wabishanao hufurahia kuulizana nani angalimshinda nani. Langford hakunyimwa jibu la swali hilo tu, bali alinyimwa pia mapato ambayo yangalimfaa uzeeni.

Habari ya Jack Dempsey na Harry Wills ina utata zaidi. Dempsey alimpiga Jess Willard mjini Toledo tarehe 4 Julai 1919, na mara ikatangazwa kwamba hatapigana na weusi. Wills, mtu mweusi mrefu na mwenye nguvu, alidai nafasi miaka saba mizima. Mapatano yaliandikwa mwaka 1922 yasifike popote. Mwaka 1925 yakaandikwa tena, na Dempsey akatia sahihi, lakini mwandalizi wa pigano hakuweza kuitoa fedha aliyomwahidi Dempsey, na jambo likavunjika. Nyuma ya yote palikuwa na hofu: mwaka 1910, Johnson alipompiga Mzungu Jim Jeffries huko Reno, ghasia zilizuka katika miji mingi ya Marekani na watu wakauawa. Tex Rickard, aliyeliandaa pigano lile la Reno, ndiye aliyekuwa mwandalizi mkuu wa mapigano ya Dempsey.

Kwa hiyo wapo wasemao kwamba Dempsey hakuogopa mtu, bali alifungwa mikono na wakubwa wake. Yamkini hawakosei kuhusu hofu. Lakini wakuu wa mchezo katika jimbo la New York walitaka apigane na Wills kwanza, na badala ya kuwatii, pigano la Dempsey na Gene Tunney lilihamishiwa Philadelphia. Huko, tarehe 23 Septemba 1926, mbele ya watazamaji zaidi ya 120,000, Dempsey aliupoteza ubingwa wake baada ya kukaa miaka mitatu bila kuutetea. Wills naye alikuwa amezeeka. Mwezi uliofuata akashindwa na Jack Sharkey, na madai yake yakaishia hapo. Mtu anaweza kukosa hofu moyoni na hata hivyo akafaidika na hofu ya wengine.

Wapo pia mabingwa waliolipa deni lao. Joe Louis alipigwa na Max Schmeling wa Ujerumani mwaka 1936. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Schmeling kupigania ubingwa wa James Braddock. Lakini Braddock alimwacha Schmeling, akapigana na Louis huko Chicago tarehe 22 Juni 1937, akashindwa. Sababu zilikuwa mbili: fedha, maana Braddock aliahidiwa fungu katika mapato ya baadaye, na siasa, maana wengi waliogopa kwamba Schmeling akishinda ubingwa utachukuliwa Ujerumani ya Hitler. Hivyo Louis mwenyewe alipita katika mlango uliofungwa mbele ya mwingine. Tofauti yake ni kwamba hakuridhika. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 22 Juni 1938, alimpa Schmeling nafasi yake, akamshinda katika raundi ya kwanza. Tangu siku hiyo hapana aliyesema kwamba Louis alimkimbia Schmeling.

Lakini si kila anayelipa deni hulipa kwa ushindi. Floyd Patterson alikuwa bingwa mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 21, na meneja wake, Cus D'Amato, alimchagulia wapinzani kwa uangalifu mwingi. Mwaka 1957 alipiganishwa na Pete Rademacher, ambaye hilo lilikuwa pigano lake la kwanza la kulipwa. Wakati huo Sonny Liston alikuwa akiwaangusha wapinzani mmoja baada ya mwingine. Liston alikuwa amefungwa jela, naye alijulikana kwa urafiki na wahalifu. Hivyo watu wengi wenye heshima walimshauri Patterson asimpe nafasi. Hapo palikuwa na udhuru uliokwisha kuandaliwa, wala hakuna ambaye angalimlaumu sana kwa kuutumia.

Patterson alikataa udhuru huo. Aliona kwamba bingwa asiyepigana na mtu anayestahili si bingwa. Tarehe 25 Septemba 1962, mjini Chicago, Liston alimwangusha katika raundi ya kwanza. Patterson aliona haya hata akaondoka mjini amevaa ndevu za bandia. Mwaka uliofuata alirudi kupigana na Liston yule yule, akashindwa tena katika raundi ya kwanza. Kwa hesabu ya ngumi alipoteza yote. Kwa hesabu ya heshima, hakuna mpenzi wa mchezo awezaye kumwambia Patterson, "Wewe ulikimbia."

Katika miaka ya karibuni ubaguzi wa rangi haukuwa tena udhuru, lakini udhuru haukwisha. Floyd Mayweather wa Marekani na Manny Pacquiao wa Ufilipino walitakiwa kupigana mwaka 2010, mazungumzo yakavunjika kwa ubishi juu ya kupimwa damu ili kuzuia madawa. Walipokutana Las Vegas tarehe 2 Mei 2015, Mayweather alikuwa na miaka 38 na Pacquiao 36. Mayweather alishinda kwa pointi, na wote wawili walipata fedha nyingi ajabu. Watazamaji wengi walirudi nyumbani wakinung'unika kwamba wameuziwa chakula kilichopoa.

Basi, bingwa huogopa au huzuiwa? Habari hizi zaonyesha kwamba mara nyingi hofu ya ngumi si sababu kubwa. Wanaume hao walikuwa na ushujaa wa kutosha. Sababu kubwa zilikuwa ubaguzi, fedha na mameneja. Lakini sababu hizo hazimtoi bingwa katika hukumu, maana ana kitu ambacho mdai wake hana, nacho ni sauti. Anapoitumia sauti hiyo kudai pigano gumu, kama alivyofanya Patterson, wakubwa wake hushindwa kumzuia. Anaponyamaza, miaka humpigania.

Ubingwa ni deni kwa yule anayestahili kuupigania, na dawa ya deni kulipa. Wapenzi wa ngumi wataendelea kubishana, na si vibaya. Ila inafaa wakumbuke kuuliza ni nani aliyelipa gharama ya kungoja. Katika habari za Jackson, Langford na Wills, aliyelipa hakuwa bingwa.